Pini kwenye Blanketi la Bibi

Manyamanyama, Jumamosi usiku, 1984

Bado sielewi mshenga alikuwa na haraka ya nini. Leo ameleta vitu vya mahari kwa niaba ya Magesa, mchumba wangu anayevua samaki kisiwani Rukuba: kitenge cha mama, koti la baba, blanketi la bibi. Akaaga hata chai hajamaliza.

Baba anasema tushukuru, maana madukani hakuna blanketi tangu mwaka jana. Ndiyo maana na mimi nauliza, Magesa kalipata wapi?

Jioni bibi alijifunika, akalivuta mpaka puani, akaniita.

"Mjukuu wangu, blanketi jipya halinukagi mkojo."

Nikamwambia labda lililowa kwenye mtumbwi.

"Ziwa linanukaga mkojo?"

Nimelikagua kwa kibatari. Limefuliwa vizuri. Ila kwenye pindo nimekuta pini kubwa ya nepi, imefungwa kwa uangalifu, kama mama anavyofunga ili isimchome mtoto.

Inawezekana alilinunua kwa mtu mwenye shida. Siku hizi watu wanauza hata vitanda. Nataka sana iwe hivyo.

Baba sijamwambia. Jumapili ijayo Magesa akija kusalimia, sitamuuliza neno. Nitakaa mbele yake nimeibana hiyo pini kifuani, nione macho yake yatakwenda wapi.

Bibi kalirudisha kwangu, hataki kulilalia. Na mimi limenishinda. Nje kuna upepo wa ziwani, na kama ninachohofia ni kweli, huko Rukuba kuna mtoto wa Magesa analala bila kitu.