Mkono Niliouachilia

Sista Tabitha wangu,

Leo ni wiki ya tano tangu uzikwe. Siku ile mimi nilikuwa hapa Guildford, nimevaa gauni la kanisani, nayaangalia mazishi yako kwenye simu, maana kwa ajili ya korona makaburini waliruhusiwa watu kumi tu. Nililia mpaka nikamwaga chai. Sikukuaga, na hilo bado linaniuma.

Lakini nina habari, na nilitaka uwe wa kwanza kuisikia.

Unakumbuka, uliponifundisha uuguzi, ulivyonichosha na madaktari wako wa kale? Eti mmoja huko London aliwatazama watu wakipita barabarani tu, akaandika habari za ugonjwa wa kutetemeka, kabla ya mashine yoyote ya kupiga picha ubongo. "Macho na subira, Wanjiru. Walikuwa na nini kingine?" Nami nilikucheka, jamani! Nikasema unawapenda mno wazungu waliokufa.

Basi hapa kazini, kwenye nyumba ya wazee, tuna Mzee Kabeya, Mkongomani. Mwendo ulipungua, maneno yakapungua, vifungo vya shati vikamshinda. Meneja akasema ni akili inamtoka, ahamishiwe wodi ile inayofungwa mlango. Barua ya kumjulisha bintiye ilikuwa imeshaandikwa. Na sisi Waafrika, kwa heshima zetu, kila akisimama tunamshika mkono. Nani angemwacha mzee atembee peke yake? Uso wake nao umefunikwa na barakoa, hata ukikakamaa hatuuoni.

Nikakukumbuka, nikauachilia ule mkono. Akanikaripia: "Mtoto yangu, unaniacha nianguke?" Niliona haya! Lakini nikarudi nyuma hatua moja, nikatazama. Mkono wa kushoto ulikwenda mbele na nyuma. Wa kulia ulining'inia tu, kidole gumba kikisugua vingine kama anayepukuchua mahindi. Kumbe siku zote tulikuwa tukiushika huohuo.

Nikamwambia daktari; alimtembeza koridoni, akaona nilichoona, akasema ni ule ugonjwa wa kutetemeka, akamwanzishia dawa. Jana Mzee alifunga vifungo vyote mwenyewe, taratibu, na msaada akaukataa. Habari za kuhama zimekwisha.

Wananisifu, Sista. Nawaambia mwalimu wangu alikuwa hapo Auburn, mtaa wa jirani, na wao hawakubahatika kumjua.

Pumzika sasa, mama. Nakuahidi, kila mzee nitakayepewa nitamtazama kwanza, ndipo nimshike mkono. Kwako walinizuia mlangoni mwa hospitali. Mkono wako sikuushika.

Wanjiru