Bwawa Nyuma ya Nyumba ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua tena huku nikihutubu. Ng'ombe ni msikilizaji mwema; haulizi swali. "Mama yetu, mwenye boma hili. Kaka yetu mkubwa Ouma, unayekalia kiti cha Baba. Wake wa boma. Vijana wetu na wajukuu wetu." Salamu zimekaa sawa. Baada ya salamu nimekwama. Sina jina la fundi.

Jumapili familia yote inakutana hapa nyumbani, Rongo. Nimepewa kazi ya kusimama na kulitaja jina moja: mtu atakayetujengea bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba ya Mama. Nimestaafu ualimu mkuu, nimehutubia maelfu ya wazazi, na bado moyo unanidunda kama wa mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nina furaha isiyolingana na umri wangu.

Kila Desemba wajukuu huja na kuomba kupelekwa ziwani. Kila Desemba Mama hukataa. Hakuna hata mmoja katika familia hii anayejua kuogelea. Ndugu yetu mdogo Otieno alizama karibu na Sindo na ziwa halikumrudisha. Tulizika tunda la mti wa yago mahali pake, kama ilivyo desturi yetu mwili usipopatikana. Kaburi liko kando ya ua. Ndani yake mna tunda.

Nataka watoto hawa wajifunzie kuogelea nyumbani, maji yakiwa yetu.

Jumanne, 4 Machi

Mama ametoa sharti. Alimaliza chai yake, kisha akasema kwa Kiluo, polepole: shimo lililo wazi ndani ya boma linamngoja mtu. Fundi akichimba na kutoweka, amemchimbia mmoja wetu kaburi. Kwa hiyo anataka fundi asiyetoweka. Tusipompata kufikia Jumapili, jambo hili lisitajwe tena akiwa hai.

Nimemwelewa. Nimeogopa pia, lakini kidogo. Furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Homa Bay. Injinia Felix. Shati jeupe, viatu visivyojua matope. Amenionyesha bwawa alilojenga katika nyumba moja ya wageni: vigae vya samawati, ngazi ya chuma, taa ndani ya maji. Nimesimama pale kama mtoto mbele ya duka la peremende. Nimemwona kila mjukuu wetu ndani yake, kwa jina.

"Mwalimu, kwako hii ni kazi ndogo. Ukisema leo, kesho unaona vijana wangu."

Nilimwelekeza boma letu na mahali pa bwawa, nikasema ningefurahi sana kumwona wakati wowote. Adabu tu. Ndivyo tunavyoagana.

Alipokwenda kujibu simu nilimuuliza mwenye nyumba kama kazi ilikwenda vizuri. Akacheka. "Sasa iko sawa. Lakini shimo lilikaa hapo mpaka tukasahau ni la nini. Mvua ikajaa. Bibi yangu akaniambia tuweke kambare, angalau tule."

Nilicheka naye. Barabarani, matatu ilipofika Rangwe, nilikuwa nimeacha kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Migori. Fundi Marwa. Sikumpenda. Niliyaandaa maswali yangu kwa ufasaha na yeye akayajibu kwa nusu sentensi. Hana picha. Amenipeleka kuona bwawa dogo la daktari mmoja na kitu cha kwanza alichonionyesha ni ufa. "Hapa palipasuka. Nilirudi nikatengeneza. Pakipasuka tena nitarudi." Daktari alithibitisha kwamba alirudi bila kusukumwa. Hata hivyo, ni nani anayefanya biashara kwa kuonyesha nyufa?

Nilimuuliza angeanza kuchimba lini. "Sichimbi kwanza. Mawe, simiti, nondo, kokoto, pampu, vyote vilale kwako. Nikiona jiwe la mwisho limefika, ndiyo nachimba." Nikaona huu ni uvivu uliovishwa utaratibu. Mvua ya masika inakuja na mtu huyu anataka kutazama mawe yakilala.

Tumeagana kwa heshima. Atakuja kesho kupima kwa kamba na vigingi tu. Bado namtaka Felix. Naandika ukweli: nataka vile vigae.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Niliondoka asubuhi kupeleka maziwa. Niliporudi, shimo lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama. Vijana wa Felix walikuwa wamefika na sururu, wakachimba upande mmoja, wakaondoka. Nilimpigia Felix. Alikuwa mchangamfu sana. "Mwalimu, si ulisema wakati wowote? Mteja akiona shimo, roho inatulia. Nitarudi tukishaelewana."

Roho inatulia. Maneno yake hayo.

Shimo lilikuwa la mstatili, refu kuliko upana wake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa linafanana na nini.

Mama alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha plastiki, leso mabegani. Alikataa kuingia ndani. Alikataa uji. Shimo haliachwi peke yake, alisema, basi. Mke wa Ouma alileta mwavuli kwa sababu ya jua na akaketi naye. 

Nilikasirika. Niliona aibu. Niliona bwawa linaondoka.

Marwa akatokea na kamba zake. Alilitazama shimo, kisha akarudi nyuma hatua. "Hili ni la nani?" Nikamwambia. "Basi lifukiwe. Siwezi kupima juu ya shimo la mtu mwingine."

Mama akamwita karibu. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe kwa nini hutaki kuchimba mbio kama huyo mwingine?"

"Naogopa, Dani," alisema, akimwita nyanya kwa Kiluo. "Shimo likikaa wazi, mvua inaangusha ukuta. Mtoto akipita, mtoto anaanguka. Nikichimba silali vizuri mpaka lijae."

 Mama akanigeukia. "Wuoda, mwanangu, huyu anaogopa shimo. Yule mwingine haogopi. Mimi nataka anayeogopa."

Tulikata shina la mgomba, tukalilaza ndani badala ya mtu, kama desturi yetu inavyotaka kaburi lisibaki tupu, tukafukia. Marwa ni Mkuria. Hakuuliza shina ni la nini. Aliomba jembe. Mama aliingia ndani wakati udongo ulipokuwa sawa na uwanja, akanywa uji wake wote.

Nimempigia Felix na kumwambia, kwa lugha safi, kwamba asirudi.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikipanga hotuba. Furaha imerudi, tena na miguu yake yote. Nimetabasamu wakati wa sala ya toba; dada mmoja ameniona.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja wote. Nimesimama.

Nimemsalimu Mama, mwenye boma. Nimemsalimu Ouma, mwenye kiti cha Baba. Wake wa boma, vijana, wajukuu. Nimeongeza jina moja ambalo halikuwamo katika mazoezi: Otieno, mwana wa boma hili. 

Kisha nimetangaza. Fundi ni Marwa wa Migori. Kila nyumba italeta sehemu yake ya vifaa: Ouma mawe, mimi simiti na nondo, walio Nairobi pampu na vigae. Jembe lisiguse ardhi mpaka jiwe la mwisho liwe ndani ya lango. Na kuanzia siku ya kuchimba mpaka siku ya maji, mtu mzima wa familia atakuwa hapa mchana na usiku, kwa zamu, na zamu zitapangwa kabla hatujala.

Ouma: "Mwalimu, hata mimi na mgongo huu?"

Mke wake: "Mgongo utalala hapa. Nyumbani hulala tu."

Wamecheka mpaka kuku wakakimbia. Zamu zimepangwa. Kisha tukala.

Alhamisi, 13 Machi

Mawe yameanza kufika. Lori lilikwama langoni, likatoka. Mvua bado.

Jioni Mama alitembea hadi nyuma ya nyumba, akaketi juu ya jiwe moja. Aliuliza maji yatafika wapi. Nilimwonyesha kwa mkono, kifuani pangu.

Aliushika mkono wangu akaushusha taratibu, hadi kiunoni.

Nimempigia Marwa. Amesema inawezekana.