Kitanda Ulichomtandikia Mjukuu Wako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia wiki mbili zilizopita, nami nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Natumaini goti limepunguza maumivu, na kwamba unameza dawa zako badala ya kuwahimiza wengine wameze zao. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mengine ndiyo haya ninayotaka kukueleza, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Kwanza, asante kwa kujitolea kumchukua Kibiriti. Jina hilo ulimpa mwenyewe alipokuwa na miaka mitatu. Sasa ana kumi na mitatu na bado anawaka. Nikisema kaa, anasimama. Nikisema simama, ananiuliza kwani kiti kimemkosea nini. Tangu baba yake atuache tumebaki wawili katika vyumba viwili, na kuna siku tunapishana mlangoni kama wapangaji walionuniana. Mwezi uliopita alimjibu vibaya mwalimu mkuu mbele ya darasa zima, akafukuzwa wiki nzima. Ikabidi niende naye hotelini, kwenye chumba cha kufulia ninapofanya kazi. Alikaa juu ya kapu la mataulo, mimi nikapiga pasi mpaka saa ya kutoka.

Kazini ushauri ni wa bure. Msimamizi wetu anasema dawa ni fimbo. Mwenzangu wa zamu anasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, halafu ananitazama mimi. Sina mtu wa kumwambia kwamba namwogopa mwanangu mwenyewe, na kwamba jioni huwa nazunguka mtaa mara mbili kabla ya kuingia ndani.

Nilimwendea mwalimu wa unasihi pale shuleni, mama mmoja wa sauti ya chini ambaye hana haraka na mtu. Alisema watoto wa namna hii hawabishi kwa raha. Wengi wana hofu au uchungu wasiojua kuutaja. Akaniambia nichague sheria tatu tu nisizozilegeza, mengine niyafumbie macho. Nisibishane naye nikiwa nimepandisha hasira. Nimpe nafasi ya kuchagua, na akifanya jema, hata dogo, nimwambie nimeliona. Basi nikamwuliza Kibiriti kama ataoga kabla ya kula au baada ya kula. Akajibu kwamba haogi wala hali. Nikarudi kwa mwalimu kumwambia dawa yake imekwisha muda wake. Alicheka, akasema nivute subira, maana mtoto aliyezoea vita huipima amani kwanza.

Ndipo ikaja barua yako. Ulisema umeshamtandikia kitanda karibu na dirisha, na kwamba utamnyoosha kama shangazi alivyoninyoosha mimi. Nilikuwa nimechoka, mama. Nikamwambia afungashe, mwisho wa mwezi anakwenda kwako mpaka muhula uishe.

Hakubisha. Asubuhi nilikuta vyombo vimeoshwa. Nikimwita, ananiitikia vizuri. Nikimtuma, anakwenda mbio. Siku tatu nzima! Jirani yetu fundi viatu, anayemjua kwa milango anayoibamiza, aliniuliza nimempa nini mtoto huyu, nami nikajisifu kidogo. Siku ya nne alikuja kazini baada ya masomo kunisaidia kukunja mashuka. Kazi hiyo inataka watu wawili, kila mmoja avute upande wake, la sivyo shuka linabaki na makunyanzi. Kibiriti hakuvuta. Alishika pindo tu, akanifuata kila nilikoelekea, na kila nilipomtazama alitabasamu upesi. Upande wangu ukaniponyoka, kwa sababu tabasamu lile nalijua. Lilikuwa langu.

Sijawahi kukuambia hili, na nina miaka arobaini. Kwa shangazi sikunyooka. Uliniambia ni mpaka muhula uishe; nilikaa miaka sita. Niliosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Niliitika kabla sijaitwa. Nilikuwa nikiwaza kwamba ikiwa mama yangu mzazi ameweza kunitoa, shangazi naye atashindwaje kunisukuma mbele zaidi, kwa watu nisiowajua? Ulipoandikiwa kwamba nimetulia, ulifurahi, nami nikadhani ukifurahi utakuja kunichukua. Hukuja. Najua ulikuwa mjane mwenye watoto wanne, na uchovu ule sasa naujua. Lakini niliumia, mama, na bado naumia.

Nilimwambia Kibiriti pale pale kwamba haendi popote. Nikamwambia hata akiichoma nyumba, tutahangaika kutafuta nyingine sote wawili. Alitazama sakafuni. Kisha akasema shuka limeanguka, na aliyeliangusha ni mimi, kwa hiyo yeye haokoti. Nikaliokota mwenyewe, huku nalia na kucheka. Akashika pindo lake, akavuta nusura aniangushe.

Usidhani ametulia. Leo amekataa sweta, na mlango umebamizwa mara mbili. Juzi alimtukana fundi viatu, nikamnyima simu siku mbili bila kupayuka, nikaenda kujifungia chooni mpaka hasira ikashuka. Bado sina wa kuzungumza naye usiku unapoingia. Ila siku hizi nazunguka mtaa mara moja tu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Nimemwuliza Kibiriti kama ana salamu za kukutumia. Amesema hana, kisha akauliza kama goti limepona.

Kitanda usikitandue. Likizo tutakuja wawili, tulale hapo karibu na dirisha. Na siku ya kuondoka, mama, tutaondoka wawili.

Ni mimi mwanao,
mbishi wako wa kwanza.