Mgongo wa Ukurasa wa 41

Jumatatu, 5 Machi 1984
Karatasi zimeisha tena. Clementi, karani wetu mkuu, kaagiza tupige chapa barua nyuma ya makaratasi ya zamani. Nikachomoa kesi ya Mseti wa Butiama, aliyehukumiwa kunyongwa hapa Musoma mwaka juzi — mwandiko wa jaji, nilioupiga chapa mwenyewe. Nageuza ukurasa wa 41. Umeandikwa na nyuma! Majaji huandika upande mmoja siku zote. Siku ile jaji naye karatasi zilimwishia, mimi nikapiga za mbele tu. Nyuma ni Helena, mjane wa marehemu aliyeuawa, anamjibu wakili: mume wangu ndiye aliyeanza kumkata Mseti kwa panga. Mungu wangu. Rufani inasikilizwa Mwanza Alhamisi hii.

Jumanne, 6 Machi
Nimemuuliza Clementi kwa kuzungukazunguka: majaji wa Rufani huwaita mashahidi upya? Kacheka. Hawaitagi, Getruda, wanasomaga tulichopiga sisi. Na juu yao hakuna mahakama nyingine. Nikafungua mdomo nimwambie — nikauliza kama sabuni imefika dukani. Mwoga mkubwa mimi! Watoto watatu, kazi ndiyo hii moja.

Alhamisi, 8 Machi
Wanasikiliza sasa hivi.

Ijumaa, 23 Machi
Hukumu imefika. Rufani imetupwa. Majaji watatu, wamepima kila neno. Halafu hii: hatuoni popote katika kumbukumbu kwamba marehemu ndiye aliyeanza. Hawaoni popote! Wataonaje? Imebaki huruma ya Rais, au kamba. Adhuhuri nimemwona Mseti mlangoni kwangu, amesimama tu. Yuko gerezani, najua. Nimemwona.

Jumatatu, 26 Machi
Mama yake Mseti kashuka na lori la mihogo. Hajui kusoma, Clementi kasema nimsomee mimi. Nimesoma polepole mpaka mwisho. Hakulia. Kasema, mwanangu, umeruka. Mimi nilikuwepo mahakamani siku ile, nilimsikiaga Helena kwa masikio yangu. Nisomee hapo aliposema.

Nikamwambia ngoja mama, nifuate miwani. Sivai miwani! Niko stoo, naandika hapa. Bado yuko kwenye benchi. Sasa namsikia Clementi anamuuliza kwa upole: sehemu gani hiyo, mama?