Jibu la Swali Lako, Kaka, Juu ya Yule Chatu

Minneapolis,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Mbonea,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu aliyetuvusha hadi leo. Hujambo Kaka? Mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyompa mgeni wa usharika imekufikia? Mama analala vizuri, au bado anakohoa alfajiri? Wifi na watoto je? Mimi sijambo, yaani napumua na kula nakula, ila utaona mwandiko wangu umelala kama mtu aliyetoka kilabuni. Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na ndani yake kuna nyuzi kumi na tisa. Barua hii itanichukua siku kadhaa. Usimwambie Mama neno kabla hujaimaliza. Na wewe mwenyewe kaa chini, usianze kutembeatembea uani.

Katika barua yako ya mwisho ulinisimanga. Uliniuliza, "Hebu nieleze, huyo nyoka wa mzee wako, mkimshika huwa anacheka?" Kisha ukaniambia nimmwagie maji ya moto nirudi zangu kanisani. Nilicheka, halafu nikayasoma tena, maana najua mkono ulioandika maneno hayo una vidole vinne. Nilishindwa kukujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo.

Mzee Walter ninayemhudumia unamkumbuka kwa barua zangu. Amefiwa na mkewe, yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe, anaishi peke yake kwenye nyumba kubwa kule Eden Prairie. (Usianze utani wa Edeni na nyoka. Watu wa usharika wetu wameshautumia mpaka umechuja.) Nyoka wake ni chatu jike wa kutoka Asia, mita tatu na ushee, mnene kama mchi wa kinu. Anaitwa Pearl.

Binti yake, Karen, alinikataza siku ya kwanza kabisa. "Wewe umeajiriwa kwa ajili ya baba. Kizimba usikiguse." Kampuni ya wahudumu iliyonituma kwake nayo ilinisainisha karatasi ya hivyo hivyo. Nami nilifurahi, Kaka, nani angetaka kugusa? Lakini Mzee alipovunjika nyonga akawa wa kiti cha magurudumu, siku moja niliingia nikamkuta sakafuni, kifudifudi, bakuli la maji limemwagika, damu inamtoka puani. Alikuwa amejaribu kusimama ili ambadilishie nyoka maji. Nikamuinua, nikamfuta, nikamwambia, "Nionyeshe inavyofanywa, maana ukianguka tena hapa utakufa mikononi mwangu." Ndivyo tulivyoanza. Miezi mitano, mimi na yeye, Karen hajui.

Alinifundisha kama mwanafunzi wake. Kizimba cha chatu kisiwe sanduku la vioo pande zote kama la samaki, maana kila upande anaona watu na hana pa kupumzisha roho. Cha Pearl ni cha mbao, kirefu kama kitanda cha watu wawili, kioo mbele tu. Upande mmoja kuna joto la kutoka juu, lenye wavu ili asijiunguze, na upande wa pili ni baridi kidogo, achague mwenyewe. Kila upande kuna kisanduku chenye tundu, anaingia anajificha. Beseni la maji analoweza kulala ndani. Chini magazeti. Panya analetwa ameshakufa, anapashwa moto, anapewa kwa koleo refu, kamwe si kwa mkono. Na kabla ya kumtoa unamgusa kichwani kwa fimbo ya chuma, taratibu, ili ajue kwamba leo si chakula, ni mtu.

Nami nilimuuliza swali lako, wala sikusema ni lako. "Anapenda kushikwa?"

Mzee akatikisa kichwa. "Watu hupenda kuniambia ananipenda. Hapana. Ananivumilia. Mimi ni jiwe lenye joto ambalo halijawahi kumuumiza. Akila, muache siku kadhaa. Macho yakiwa na ukungu, anataka kujivua gamba, muache. Akipumua kwa nguvu, muache."

"Mbona ni kumuacha tu?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Nam," akasema, ndivyo anavyolifupisha jina langu. " Sehemu kubwa ni kumuacha."

Mimi sikumsadiki. Alikuwa akilala mapajani pangu, mzito, ameniwekea kichwa kwenye kiwiko, nami nikarudi nyumbani nikijigamba kwa Upendo kwamba chatu ananijua. Upendo akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mama yake amerukwa na akili.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi niliyoumia. Vijana wetu wawili walikuwa wanapata kipaimara, na sisi tukaenda shamba moja mbele ya Maple Grove kununua mbuzi, maana mzungu wa pale anaruhusu mchinje wenyewe nyuma ya zizi. Wanaume walikuwa watatu, wote na koti zao nzuri. Mbuzi akawashinda. Alikuwa dume mwenye hasira, akampiga mmoja pembe ya goti akaangukia kwenye theluji.

Nikawaambia, "Wanaume wa Minneapolis, mmeshasahau mbuzi ana miguu mingapi?"

"Mama Upendo, njoo basi wewe wa milimani!"

Nikaenda. Nikamlalia na goti langu shingoni, nikamshika mdomo, nikamwambia aliyeshika kisu asiogope kukandamiza. Damu iliruka ikanipata hapa kwenye mkono wa sweta. Alipiga miguu muda mrefu kuliko nilivyozoea, kisu kilikuwa butu. Kisha nikatoa utumbo mimi, nikausafisha mimi. Nikanawa kwa bomba la nje, maji kama visu, bila sabuni. Zamu yangu ilianza saa nane. Wakanipitisha kwa gari moja kwa moja mpaka kwa Mzee, na sweta lile lile mwilini. Unajua baridi ya huku, mtu havui sweta.

Mzee alikuwa jikoni, ng'ambo ya meza iliyo karibu na kizimba, anakula mkate. Nikamwambia nimalize maji ya Pearl kwanza. Nikasahau kunawa. Nikasahau fimbo ya chuma. Nikafungua kioo, nikaingiza mkono.

Kaka, sikumuona akija. Nilisikia kishindo kama mtu amenipiga na mwiko, nikatazama, nikaona kichwa chake kiko kwenye mkono wangu na meno yameingia. Kabla sijapiga kelele ameshajizungusha mara mbili, na uzito wake wote ukanivuta chini nikaangukia magoti. Mzunguko wa tatu ukafika begani. Alikuwa anakaza. Sikuwa ninasikia maumivu, nilikuwa nasikia vidole vyangu vinajaa, vinakuwa vyeusi, na mfupa unalia ndani. Nikamwita Yesu mara moja, halafu nikamsahau, nikaanza kupigana.

Mzee alikuwa anapiga kelele, "Usivute! Meno yamepinda ndani! Nitafutie mkia!" Mimi sikumsikia. Kisu cha mkate kilikuwa pembeni ya meza, nikakivuta chini kwa mkono wa kushoto. Na wakati nakiinua nilimuona Baba. Nakwambia ukweli mbele za Mungu, nilimuona Baba kwenye kizingiti cha jikoni siku ile kifutu alipokuuma, panga liko juu, amekukanyaga kifundo cha mkono, wewe unapiga kelele usikatwe, na kidole chako kidogo kimeruka mpaka karibu na miguu yangu. Nikachoma. Nikachoma tena. Damu yake ni baridi, Kaka, sikujua. Mara ya tatu kisu kiliteleza kwenye magamba kikaingia kwangu mpaka kikagusa mfupa.

"Namsifu! Unajikata mwenyewe! Njoo kwangu!"

Hapo ndipo nilipomsikia. Nikatambaa na yule mnyama mpaka kwenye kiti chake. Mzee akaukamata mkia, akaanza kumfungua kuanzia mwisho, mzunguko mmoja mmoja, jasho linamtiririka. Mdomo haukuachia. Akaniambia nivute vitabu vya rafu ya chini, na nyuma yake kulikuwa na chupa ya pombe kali aliyomficha Karen. Akaimimina yote kwenye mdomo wa chatu. Akaachia kwa kukohoa kama mtoto. Mimi ambaye tangu kipaimara changu sijagusa tone, nilikuwa nimelowa pombe, damu ya mbuzi, damu ya nyoka na yangu. Tukamsukuma kizimbani, Mzee kwa fimbo, mimi nikafunga kioo kwa bega.

Mzee akampigia simu Karen, akaja akakuta sakafu nyekundu. Akanipeleka hospitali yeye mwenyewe. Tulipokuwa tunangoja daktari ndipo alipofungua kinywa.

"Kesho naita mtu aje aliue hilo jidude. Na baba anaenda kwenye nyumba ya wazee, nimechoka kumbembeleza. Alisahau kumlisha, sivyo? Ni njaa."

Aliniwekea jibu mdomoni. Ilinitosha kuinamisha kichwa tu, kukubali. Wote wangenihurumia, kampuni ingenipa mgonjwa mwingine, na Mzee angepelekwa kufia kwenye chumba chenye harufu ya dawa huku akiamini amesahau jambo ambalo hakulisahau. Nilikaa nikitazama damu inavyopita kwenye taulo. Nikaomba kwa moyo. Kisha nikainua kichwa.

"Mzee hakusahau," nikasema. "Mimi ndiye niliyesahau. Nimetoka kuchinja mbuzi, sikunawa. Nyoka alinusa damu akajua ni chakula. Na kizimba nimekifungua kwa miezi mitano."

"Miezi mitano umenidanganya?"

"Ndiyo."

Akasimama akaenda dirishani. 

Jumatatu kampuni ikaniachisha kazi. Sikulalamika. Jumatano Karen akabisha hodi kwetu, hakuvua hata koti.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini baba hali. Anasema usiporudi atafungua kizimba mwenyewe. Mimi siwezi kubishana na watu wawili."

Basi ameniajiri yeye. Kuna kufuli sasa, na vazi safi la kazi linalokaa kwenye nyumba ile nisiingie na nguo za nje. Mtu wa kumuua chatu hakuitwa. Ila Mzee ametoa neno kwa binti yake: likitoka tone jingine la damu, la mtu au la nyoka, ataondoka kwenye nyumba yake bila kubisha. Kwa hiyo nyumba ya Mzee ipo mikononi mwangu, Kaka, na mkono mmoja haujapona.

Nimerudi juzi. Daktari wa mifugo amemshona Pearl sehemu mbili, anapona. Nilisimama mbele ya kioo, nikijiuliza kama atanirukia. Nilipokaribia tu, akafoka kama tairi inayotoa upepo, akarudi nyuma kwa haraka ambayo sijawahi kuiona, akajiingiza kwenye kile kisanduku chake cha upande wa baridi. Akaacha joto lake. Akajikunja mpaka asionekane. Kumbe mimi ndiye ninayeogopwa.

Nikataka nimtoe nimwonyeshe kwamba simdhuru. Mzee akanishika lile vazi. "Muache na kisanduku chake. Nyumba nzuri ya nyoka ni ile anayoweza kukukatalia."

Na hapo, Kaka, nilikaa kwenye kiti nikalia mpaka Mzee akadhani mshono umefunguka. Nilikukumbuka wewe. Baada ya kukatwa kidole uliishi chini ya kitanda cha Mama. Ukisikia nyayo za Baba unajisogeza ukutani. Baba alikuokoa maisha, kila mtu alikwambia hivyo, na yeye mwenyewe siku ya kwanza alikuvuta mguu akitaka kukubembeleza ukamng'ata. Mama akasema, "Mwacheni." Mimi nilikuwa nakusukumia makande kwa fagio, nikidhani umenichukia. Halafu siku moja ukatoka, ukala mezani na Baba, na hakuna aliyesema kitu tena mpaka Baba akazikwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: hacheki. Hafurahi. Anavumilia mkono ambao haujamuumiza, na wa kwangu umemuumiza. Sasa nina swali langu, na Mzee, pamoja na vitabu vyake vyote, amesema halijui jibu. Wewe unalijua. Ilikuchukua muda gani mpaka mkono wa Baba ukaacha kukutisha? Na alifanya nini, au hakufanya nini? Sijawahi kukuuliza, na ninaona aibu kuuliza kwa sababu ya nyoka, lakini nataka kufanya hivyo hivyo, na sitagusa kile kisanduku mpaka nijue.

Msalimie Mama, mwambie nimeumia kidogo jikoni, maana ni kweli ndipo ilipotokea. Msalimie wifi yangu Nanzia, na mwambie kaseti ya kwaya imefika na Upendo anaimba nyimbo zote hata asizozielewa. Msalimie mwinjilisti wetu wa mtaa, na shangazi yetu mdogo wa Usangi, na jirani yako mwenye ng'ombe mmoja, niambie kama amezaa.

Tafadhali Kaka, nijibu upesi.

Mdogo wako,
Namsifu