Pweza Niliyemsingizia

Jumamosi, 4 Septemba 2021

Assalaam alaikum, daftari langu. Hujambo? Wiki mbili sijakufungua, usidhani nimekutupa. Mimi mzima, alhamdulillahi, macho tu yananisumbua kwa kushona kofia. Duka la mtaa wa Mlandege wanataka sita.

Mjukuu wangu Amne katimiza miezi tisa leo. Meno mawili — na anauma! Mamake, Tahiya wangu, yuko nami tangu alipokuja kujifungua. Mumewe Ubwa anatembeza wageni msituni Jozani, huja Jumapili. Alhamisi tunampeleka Amne chanjo ya surua. Kadi yake ya kliniki nshaitafuta, ipo. Nimefurahi leo, bila sababu. Au sababu ni hayo meno.

Jumapili, 5 Septemba

Ubwa kaja na mkungu wa ndizi. Kapiga hodi, nikajitanda kanga, nikapita uani kama ada. Mkwe ni mkwe. Miaka mitatu sasa mimi na yeye ni "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, karibu chai," basi. Mengine yote hupita kwa Tahiya.

Nimechukua sinia ya chakula mpaka kwenye pazia, nikawasikia. Hataki Amne achanjwe! Anasema siku hizi za korona nani ajuaye kinachotiwa sindanoni. Tahiya akamwambia hii surua, si korona, na yeye mwenyewe kachanjwa utotoni, kovu lile begani la nini? Akacheka. "Enzi hizo walikuwa wanatuchanja. Siku hizi wanatujaribu."

Kisha akanitaja mimi. "Mama mwenyewe kachanja korona, akatwambia ana homa ya pweza aliyemla. Kadi yake nimeiona kabatini nikitafuta kijiko. Jambo la kheri hufichwa, Tahiya?"

Nikarudi jikoni na sinia yangu.

Ni kweli. Mwezi uliopita nilichanja, nikapata homa siku mbili, nikamsingizia pweza wa watu. Niliona haya. Jirani yangu Bi Biasha alikuwa keshatangaza mtaa mzima kwamba atakayechanja hamalizi mwaka. Uongo mdogo, nilidhani. Astaghfirullah.

Jumanne, 7 Septemba

Nimekwenda kituo cha afya kumuona nesi Bashira. Nikamwambia, nionyeshe hicho kichupa. Kacheka, kanionyesha. Surua, kimeandikwa. Kanambia ya korona hawawachomi watoto wadogo kama Amne. Na kichupa kimoja ni cha watoto kumi, kikishafunguliwa hakiwekwi mpaka kesho. Ndiyo maana hungoja Alhamisi, watoto wawe wengi. "Mlete kabla ya saa nne, Bi Faiza. Mtaa wenu huo surua imeshaingia."

Nimerudi mbio. Kumbe ni mjukuu wa Bi Biasha! Macho mekundu, mwili mzima vipele. Sikuingia ndani, kwa ajili ya Amne. Uji nimeupitisha dirishani. Biasha yule yule, mwenye mdomo wake, analia. "Faiza, mwenzangu, huyu hakuchanjwa. Mimi ndiye niliyemzuia mamake."

Nimemuombea mtoto, nikaondoka.

Jumatano, 8 Septemba

Mjukuu wa Biasha kaanza kula kidogo, alhamdulillahi. Kofia ya tatu nimeimaliza.

Asubuhi Tahiya kampigia mumewe, kamueleza yote: kichupa, nesi, mtoto wa jirani. Jibu: tulishazungumza. Basi.

Kanifuata jikoni, kaninong'oneza. "Mama, tumpeleke kimya kimya. Amne mwenyewe hajui kusema."

Nikacheka mpaka machozi. Maana nilitaka! Wallahi nilitaka. Lakini mtoto akipata homa kesho, safari hii tumsingizie nani? Papa?

Nimesali alasiri, nikabaki juu ya msala na simu mkononi. Mkwe hakabiliwi hivi, najua. Marehemu mama angenifinya. Lakini shaka nimemtia mimi, na hili Tahiya hawezi kunisemea. Mwenyewe kasimama nyuma yangu: "Mama! Unamwandikia mkweo? Ubwa leo atapanda mtini na kima wake!" Nimemfukuza, akatoka anacheka. Na mimi nacheka. Moyo mwepesi — sijui mara ya mwisho ulikuwa mwepesi hivi lini.

Mara nne nimeandika nikafuta. Ya tano nimeituma. Alama mbili zimeshageuka buluu. Kasoma. Jibu bado. Naunakili ujumbe hapa, nisije baadaye nikajipambia nilichosema:

"Assalaam alaikum mwanangu Ubwa. Natumai u mzima huko kazini. Nisamehe kukukabili mwenyewe. Homa yangu ile haikuwa ya pweza, ilikuwa ya chanjo. Niliificha kwa kuogopa maneno ya watu, si kwa kuwa chanjo ni mbaya. Siku ya tatu nikainuka nikafua. Ya Amne ni ya surua, kichupa nimekiona kwa macho yangu. Naye anaweza kupata homa kidogo, sikufichi. Mtoto ni wako, bila ya ridhaa yako simtoi mlangoni. Lakini surua ipo nyumba ya tatu kutoka kwetu, na chanjo ni kesho kabla ya saa nne. Nnakuomba, mwanangu, unijibu leo."