Mhusika Mkuu Ni Katoo

Jumatatu, 8 Juni 2009

Kijitabu cha mazoezi kimetoka! Hadithi fupi za walimu wa shule za hapa Kitengela, watoto wazichambue kwa ajili ya mock, ule mtihani wa majaribio wa wilaya. Yangu iko mwisho kabisa, mahali ninapowekwa pia kwenye picha za walimu, nisije nikaziba watu.

Ni ya mchungaji anayechimba kisima wakati wa kiangazi, kisima kinamporomokea. Nilimpa jina Katoo. Nimeliazima kwa kaka yake Simel wa Fomu Four – yule kijana mrefu anayeleta karo ya Simel kila muhula, baada ya kuuza dume mnadani. Nilimwomba ruhusa pale getini. Akacheka sana. Akauliza kama kwenye hadithi na yeye amenona kama mimi.

Darasani Halimo aliuliza, Mwalimu, mbona nyinyi waandishi mnapenda kuua watu? Nikasema bila kifo hakuna dhamira. Jibu la kijinga – na wote wakaliandika! Ndiyo shida ya kupewa jina la utani la Maudhui. Hata ukipiga chafya wanaandika.

Alhamisi, 18 Juni 2009

Vumbi. Ng'ombe wanazunguka katikati ya mji wanatafuna maboksi. Simel hajaonekana wiki hii. Nikaambiwa wavulana wengi wamesukuma mifugo upande wa Kimana. Sikuuliza zaidi.

Nimesahihisha insha. Kila mtu ameandika Katoo ni mwenye bidii, mwenye utu, mwenye huruma. Sina wa kumlaumu. Mwalimu wao ni mimi.

Jumatano, 24 Juni 2009

Siku mbaya.

Simel amerudi, kichwa kimenyolewa. Ameleta insha. Insha kweli! Anasema yule mchungaji haendelei kuchimba kwa sababu ya maji; anaogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Niliiandika mimi hiyo hadithi na sikuwa najua.

Lakini jina hamna. “Yule mtu.” “Mwenye ng'ombe.” Mwanzo hadi mwisho! Nikamsimamisha asome kwa sauti, nikamkatiza. Nani? Ana jina huyo! Mtahini atajuaje? Wengine wakacheka. Vijana wa Kimaasai wakatazama madawati. Nikadhani wanamwonea mwenzao haya. Nikakazana: mtaje, mara moja tu, dunia haitaanguka.

Simel akaketi. Sikuwa nimemwambia aketi.

Halimo alinifuata hadi mlango wa staffroom. Baba yake, Jeylani, ndiye alikuwa akinunua madume ya Katoo.

“Mwalimu, kwani hujasikia? Lori lilimgonga Namanga Road akivusha ng'ombe. Walizika wiki jana. Na Wamaasai hawamtaji mtu akishakufa. Hata baba siku hizi anasema tu, yule rafiki yangu.”

Sikula chakula cha mchana. Mimi!

Alhamisi, 25 Juni 2009

Nimeongea na Simel nyuma ya maabara. Nikampa pole. Nikamwomba msamaha, kwa maneno mengi kama kawaida yangu. Akaniambia nyumbani hawaliiti tena lile jina. Kuna mtoto wa shangazi yao aliyekuwa nalo, amebadilishiwa. Mama akilisikia, anatoka nje.

Nikamweleza kwetu ni kinyume: mtu akifa wajukuu wanagombania jina lake. Binti yangu Adero amechukua jina la marehemu mama yangu. Nikimwita “mama”, ananiitisha hela ya chipsi. Simel akatabasamu kidogo. Halafu: “Na mock, mwalimu? Ni hiyo hadithi?”

Swali la hadithi hiyo nililitunga mimi. La lazima.

Na kamati ya basari, inayolipia karo wasiojiweza, haiangalii kitu kingine, ni mock tu. Mtu wa kupeleka dume mnadani hayupo tena. Simel akianguka Kiswahili, basi, ni kurudi kwa ng'ombe, wale waliobaki.

Jumatatu, 29 Juni 2009

Nimemwendea Bi. Wathome, mkuu wa idara. Tubadilishe swali.

“Karatasi zimeshafungwa, Ouma. Ziko Kajiado.”

Basi wasahihishaji wakubali “yule mchungaji”.

“Wanasahihisha walimu wa Ngong na Loitokitok. Utawazungukia wote na hilo tumbo? Insha ya fasihi bila jina la mhusika ni soga. Si wewe ulinifundisha hivyo nilipokuja hapa?”

Ni mimi. Nilikuwa mwembamba, na nilijua kila kitu.

Jumapili, 5 Julai 2009

Sikusikia mahubiri. Mchana nilijaribu kujibu lile swali bila kumtaja. Kisha nikajisomea kama mtahini wa Loitokitok. Nilijipa alama nne kwa ishirini. Nilijihurumia sana.

Jumatatu, 6 Julai 2009

Nilimwita Simel nimwambie aandike vile moyo wake unamruhusu. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Mdomo ukasema kingine.

Andika jina, nikamwambia. Kuandika si kutamka.

Sentensi fupi, yenye mizani! Kwenye insha ningeiwekea tiki. Nikaichukia hapo hapo.

“Sawa, mwalimu.”

Ile sawa ya watoto. Hujui ndani kuna nini.

Jumanne, 14 Julai 2009

Mock. Ninasimamia chumba, naandika haya kwenye goti.

Swali la kwanza: “Mhusika mkuu ni Katoo. Thibitisha.” Simel alisoma, akafudikiza karatasi, akakaa. Wenzake wakaandika. Yeye amekaa tu. Nikaanza kuomba – sijui naomba aandike au asiandike.

Halafu akaigeuza, akashika kalamu.

Nimepita kati ya madawati. Jina liko, sentensi ya kwanza kabisa, kama nilivyofundisha. Hoja, jina. Ithibati, jina. Maneno mengine ni mwandiko wake ule wa haraka. Jina peke yake ameliandika kwa herufi kubwa zilizoachana, kama mtoto anayenakili ubaoni. Kila akilifikia anauma midomo.

Bi. Wathome alichungulia mlangoni. Akanong'ona, “Huyo wako leo anaandika kweli!” Akaninyanyulia dole gumba. Nikamnyanyulia langu.

Simel ameinua mkono. Anataka karatasi ya ziada. Nimempelekea. Ameipokea kwa mikono miwili, kwa adabu yake ile ile. Hakunitazama. Ile ya kwanza ameifunika kwa kiwiko, nisiione. Muda bado upo mwingi. Anaendelea.